Maumivu ya tumbo siku za mwezi: namna ya kuyatuliza nyumbani

Somo la leo ni la akina mama na mabinti wa Katanika. Lakini wewe baba, usigeuze ukurasa. Mke wako au binti yako akijikunja kitandani kila mwezi, nyumba nzima inaumwa. Tena wako mama wanaofanya kazi pamoja nawe.

1. Maumivu yanatoka wapi?

Kila mwezi tumbo la uzazi linatayarisha utando wa kupokea mimba. Mimba isipoingia, utando unatoka pamoja na damu. Ili kuutoa, nyama ya tumbo la uzazi inajikaza na kujilegeza. Vitu viitwavyo prostaglandini, vinavyotengenezwa ndani ya utando huo, ndivyo vinavyoiamuru kujikaza. Vikiwa vingi, nyama inajikaza mno, damu haipiti vizuri ndani yake, na maumivu yanaanza. Vitu hivyo hivyo vinaleta kichefuchefu, kuharisha na maumivu ya kichwa.

Basi huo si uchawi, wala si uvivu. Mara nyingi maumivu haya huanza mwaka mmoja au miwili baada ya binti kupata hedhi ya kwanza, na kila mwezi hudumu siku 1 hadi 3.

2. Tumia joto

Tia maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa yenye kifuniko kinachofunga vizuri. Izungushie kikwembe, uiweke chini ya kitovu kwa dakika 15 hadi 20. Usiiweke juu ya ngozi tupu, wala usilale usingizi nayo, usije ukaungua. Kuoga maji ya moto pia kunasaidia. Wanaosema kwamba mwanamke asioge siku hizo wanakosea.

Angalisho: usiingize mbabula yenye makala katika chumba kilichofungwa ili upate joto. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo inaua mtu usingizini. Chemsha maji nje, kisha ingia na chupa.

3. Dawa

Mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini inatuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Bergström na Samuelsson. Ibuprofeni inapita njia hiyo hiyo, ndiyo maana inafaa sana kwa ugonjwa huu.

Mtu mzima ameze ibuprofeni kidonge 1 cha miligramu 400 baada ya kula. Akihitaji tena, angoje saa 8. Asipite vidonge 3 kwa siku moja. Aanze mara maumivu yanapoanza. Asingoje mpaka yamshinde. Siku 2 au 3 zinatosha.

Usimeze ibuprofeni ukiwa na mimba au ukidhani unayo, ukiwa na kidonda cha tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na aspirini. Hapo uliza kwanza kwenye dispensere. Parasetamoli ya miligramu 500 inaweza kutumika: vidonge 1 au 2 kila baada ya saa 6, si zaidi ya 8 kwa siku. Binti mdogo apimwe uzito kwanza ili apewe kipimo chake.

Usinunue sokoni vidonge visivyo na jina. Usijisukumie nyuma maji ya pilipili au ya majani. Yanaweza kuchoma utumbo.

4. Mwendo na chakula

Tembea kidogo, nyoosha mgongo na miguu. Chai ya tangawizi inawasaidia wengi. Kwa kuwa damu inapotea, kula sombe, lengalenga, maharage na ndagala ili kuirudisha.

5. Usibaki nyumbani ukiona haya

- Damu inalowesha kitambaa kizima kila saa moja au mbili, au inapita siku 7.
- Una homa, au uchafu wenye harufu mbaya.
- Maumivu ni mapya baada ya miaka 25, yanazidi mwezi hadi mwezi, au yanakuja hata nje ya siku za mwezi.
- Dawa na joto havisaidii, na binti anakosa masomo kila mwezi.
- Hedhi ilichelewa, kisha tumbo linauma upande mmoja, unasikia kizunguzungu au unazimia. Huenda mimba imeshika nje ya tumbo la uzazi. Mirija ikipasuka, damu inamwagika ndani, na mama anaweza kufa siku hiyo hiyo. Usimpe chai, usingoje asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

6. Kazini

Mama mwenye kizunguzungu asipande ngazi wala kusimama karibu na mashine inayozunguka. Amwambie mkubwa wa kazi bila haya: "Siko vizuri, nahitaji kwenda dispensere." Inatosha. Mkubwa wa kazi asimcheke wala kumwuliza mbele ya watu. Kumpa kazi ya kukaa kwa siku moja ni rahisi kuliko kumwokota chini ya ngazi.

Mama, mfundishe binti yako mambo haya kabla ya hedhi yake ya kwanza. Tena aandike tarehe kila mwezi kwenye daftari. Akija kwetu na daftari hilo, tutajua upesi zaidi kinachomsumbua.