Tui Zito Huingia Mwisho: Vidokezo vya Jikoni Kutoka Vanga

Vanga ndiyo mwisho wa Kwale. Ukisogea kidogo tu umeingia Tanga. Mpaka ule Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, wakaanzia mlango wa mto Umba, lakini jikoni haukuingia. Kashata, vitumbua na muhogo wa nazi hupikwa vilevile huku na kule, na vyote vinaitegemea nazi. Ijue nazi yako, mengine yatafuata.

1. Chagua nazi kwa sikio. Itikise. Ikiwa nzito mkononi na maji yanacheza ndani, ichukue. Ikiwa kimya, iache. Tazama na yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, imeharibika. Unapoikuna kwa mbuzi, koma kabla hujafikia kifuu, maana ile ngozi ya kahawia huchafua tui na kutia madoa kwenye kashata.

2. Kamua mara mbili, usichanganye. Ukishika hili tu, mapishi yako yatabadilika. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, ifikiche vizuri, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui zito, liweke kando. Rudishia vikombe viwili vya maji, kamua tena upate tui jepesi. Jepesi ni la kupikia, zito ni la kumalizia. Wengi hulitanguliza zito, likachemka hadi likakatika, mafuta yakaelea juu na ule utamu wa nazi mbichi ukapotea. Chakula kikishaiva, punguza moto, mimina tui zito, koroga taratibu bila kufunika. Likitokota mara mbili tatu, epua.

3. Muhogo wa nazi ni chakula cha siku ya mvua. Nunua kwa mtu anayelijua shamba lake, kwa sababu muhogo mchungu una sumu na haufai kwa pishi hili. Menya, pasua, toa ule mzizi wa katikati, kisha chemsha kwa maji na chumvi hadi ukaribie kuiva. Mwaga maji hayo. Sasa tia tui jepesi, kitunguu na pilipili mbichi, uache ulainike kabisa kabla ya tui zito. Weka kando tafi wa kukaanga na kipande cha ndimu. Kwangu mimi huu unaishinda hata biriani ya harusi, na nasema hivyo nikiwa naipenda sana biriani.

4. Ndizi mbivu zisikorogwe. Chukua mzuzu ulioiva mpaka ganda likapata madoa meusi. Zipange ndizi ndani ya sufuria, tia tui jepesi, sukari, iliki na chumvi kidogo sana. Chumvi hiyo usiisahau, ndiyo inayouamsha utamu. Badala ya mwiko, tikisa sufuria.

5. Kashata ni kazi ya shira. Kwa nazi mbili zilizokunwa, tumia sukari vikombe viwili na maji nusu kikombe. Usitumie machicha, utamu wake umeshatoka na tui. Hayo wape kuku. Chemsha sukari na maji mpaka shira iwe nzito. Chota kidogo kwa kijiko, ipoe, kisha ibane kwa vidole viwili: ikivutika uzi, imefika. Tia nazi na iliki, geuza bila kuondoka jikoni hadi mchanganyiko ushikane na kuacha pande za sufuria. Umimine kwenye sinia iliyopakwa mafuta, usawazishe, ukate ungali moto, kwa sababu ukishapoa utavunjikavunjika. Kashata zikinata hata baada ya kupoa, shira haikufika; zirudishe motoni. Zikimeguka kama mchanga, shira ilipitiliza; ongeza vijiko viwili vya maji na uanze kugeuza tena kwa moto mdogo. Ukiwa na korosho za kukaanga, ziponde utie. Rangi ya waridi ni hiari yako, ila nyeupe yenye iliki nyingi haihitaji pambo.

6. Vitumbua huanza usiku. Loweka nusu kilo ya mchele hadi asubuhi, uchuje, uusage kwa tui zito mpaka uwe laini. Tia sukari, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira, funika uumuke. Ukishaumuka usiukoroge tena. Chuma kiwe moto kweli kabla ya kumimina. Na ukichoka kugeuza kimoja kimoja, mimina wote kwenye sufuria yenye mafuta, upalie makaa juu ya kifuniko, mengi kuliko ya chini: huo ni mkate wa sinia.

7. Vifuu usitupe. Vina moto mkali, vinafaa sana kwa vitumbua, na vinapunguza haja ya kuni za mikoko. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanalinda mikoko yao kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, wakifuata nyayo za wenzao wa Gazi walioanzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013. Samaki wachanga hukulia kwenye mizizi hiyo. Anayetaka samaki wa kulia muhogo ana kila sababu ya kuiacha mikoko isimame.

8. Jua kinacholala na kisicholala. Kashata zilizokauka vizuri hukaa siku kadhaa kwenye mkebe unaofungika. Chenye tui, kwa joto letu hili, kiliwe siku hiyohiyo. Kikizidi, mpelekee jirani mapema.