Kupima Nguvu ya Uvuvi: Hesabu ya Mashua Peke Yake Haitoshi

Muthangari, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, ni mbali na Ziwa Victoria. Walakini samaki wa ziwa hilo huliwa huko. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, njia ya samaki kufika sokoni Nairobi ilifunguka. Kwa hiyo yafaa mlaji na mvuvi wote wawili wafahamu jinsi nguvu ya uvuvi inavyopimwa.

Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni uwezo wa vyombo, yaani idadi ya mashua na mitumbwi, ukubwa wake, injini zake, na nyavu zichukuliwazo. Cha pili ni juhudi, yaani nyavu ngapi zimetegwa, na kwa usiku ngapi. Mashua iliyofungwa ufukoni ina uwezo, lakini haina juhudi. Cha tatu ni pato la kila wavu kwa usiku mmoja.

Chukua mfano. Mashua 10, kila moja yenye nyavu 20, zavua usiku 5 katika juma. Juhudi yake ni 10 mara 20 mara 5, yaani 1,000. Zikipata samaki 4,000, kila wavu umepata samaki 4 kwa usiku. Mwaka wa pili mashua zawa 20, juhudi yawa 2,000, na samaki wawa 5,000. Mwenye kutazama jumla peke yake atafurahi. Lakini kila wavu sasa wapata samaki wawili na nusu tu, na mashua iliyokuwa ikileta samaki 400 kwa juma yaleta 250. Mashua zimeongezeka mara mbili, na kila mwenye mashua amezidi kuwa maskini.

Jambo hili si la kubuni. Nyavu za kutega za uzi wa kitani ziliingia ziwani mwaka wa 1905. Bwana Michael Graham alipolichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, aliona ya kuwa ngege wanaonaswa na kila wavu katika Ghuba ya Kavirondo, iitwayo siku hizi Winam, wamepungua sana. Akashauri matundu ya wavu yasipungue inchi 5, ili samaki apate kuzaa kabla ya kunaswa. Sheria hiyo iliwekwa, lakini ilikuwa vigumu kuisimamia. Ikafutwa Uganda na Tanganyika mwaka wa 1956, na Kenya mwaka wa 1961. Matundu yakazidi kuwa madogo, na ngege wa asili wakawa haba.

Tena, vyombo hubadilika. Nyavu za nailoni, zilizoenea katika miaka ya 1950, hunasa samaki wengi kuliko zile za kitani. Basi ikiwa wavu mpya una nguvu mara mbili ya ule wa zamani, na pato lake ni lile lile, maana yake si kwamba ziwa limetulia; maana yake samaki wamebaki nusu. Kadhalika injini humfikisha mvuvi mbali, na pato laweza kuonekana jema huku maji ya karibu yamekwisha kuwa matupu.

Mwaka wa 1994 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Hesabu ya mwaka wa 2000 ilionyesha vyombo zaidi ya 40,000 ziwani. Kufikia mwaka wa 2010 vilizidi 60,000. Sehemu ya Kenya ni kama 6 katika kila 100 za ziwa, hivyo nchi moja haiwezi kuwalinda samaki peke yake.

Kwa sababu hiyo karani wa ufukoni huandika nyavu, matundu, siku na uzito wa samaki pamoja. Mvuvi afichaye wavu wake wakati wa hesabu hajamficha karani peke yake. Ameificha dalili ambayo ingemwonya yeye mwenyewe mapema.