Somo la Kuwafahamisha Watu wa Shamba Khabari za Mbu, Matende na Mabusha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Yajulikana pwani yote, na Unguja, Pemba na Mafia, kwamba kuna maradhi mawili yaliyowaudhi watu wa shamba tangu zamani. Moja ni matende, nayo ni kuvimba mguu hata ukawa mzito kama gogo. Na la pili ni busha, nalo ni kujaa maji katika mfuko wa korodani. Maradhi haya hayaui upesi, lakini humwondolea mtu kazi yake na heshima yake. Mvuvi huacha bahari, mkwezi huacha minazi, na mwenye busha huona haya kusimama safuni siku ya Ijumaa, akasali peke yake nyumbani. Na dawa ya kuyazuia ipo. Basi somo hili ni la imamu, mwalimu wa chuo, mzee wa mtaa, na kila mwenye kutumwa kuwaonya watu: vipi atasema nao hata wakubali.

Kwanza yampasa ajue asili ya jambo. Maradhi haya hutokana na mnyoo mwembamba kama uzi, ukaao katika mishipa ipitishayo maji ya mwili, nao huweza kuishi humo miaka 6 hata 8. Mnyoo huu huzaa watoto wasioonekana kwa macho, nao hupita katika damu khasa usiku. Mbu akimwuma mtu huyo huwafyonza, wakakua ndani yake, kisha akiuma mtu mwingine humtia. Mwaka 1877 tabibu Patrick Manson, alipokuwa Amoy katika nchi ya China, aliwaona wadudu hawa wakikua ndani ya mbu. Na mwaka 1897 Ronald Ross, huko Bara Hindi, akaona ndani ya mbu mdudu wa homa ya malaria.

Pili, na asikilize kabla ya kusema. Watu wa shamba wana maneno yao: huyu asema busha huletwa na madafu, huyu asema ni kazi nzito, na yule asema amerogwa. Mwenye kuonya akiwacheka, watanyamaza mbele yake na wataendelea na yao nyuma yake. Ni bora awaulize: mbona wako wanywao madafu kila siku na hawana busha? Kisha achote maji katika karo la choo, ayatie katika bilauri, awaonyeshe viluwiluwi vinavyopanda na kushuka, na baada ya siku chache vikawa mbu. Jicho likiona, moyo huamini upesi kuliko kwa hotuba ndefu.

Tatu, asiwaache na dhana kwamba kujikinga ni kupungukiwa na imani. Wako wasemao kwamba lililoandikwa litakuwa, basi chandarua cha nini? Hawa na wakumbushwe safari ya Sayyidna Umar kwenda Sham. Alipofika Sargh alipata khabari ya tauni, na tauni nayo leo yajulikana kuwa huenezwa na viroboto. Hakukata shauri peke yake, bali aliwaita Muhajirina akawauliza, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, ndipo akaazimu kurejea. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba aitokayo ni kadari na aiendeayo ni kadari. Kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha ni kwa kadari. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kujikinga hakuvunji tawakkul. La pili, Khalifa alishauri kabla ya kuamuru, na alipotaka kufahamisha alitumia ngamia na malisho, vitu wavijuavyo wasikiaji wake. Na mwenye kusema na mvuvi na atumie wavu na dau.

Nne, na aseme kweli yote. Dawa za kumeza zilianza kugawiwa kwa watu wote Unguja na Pemba mwaka 2001, mara moja kwa mwaka. Ulipoenea uvumi mahali pengi kwamba dawa hizi huvunja uzazi, wako waliozitupa. Uvumi huo si kweli: kazi ya dawa ni kuwaua watoto wa mnyoo walio katika damu. Lakini wanapokufa, mtu huweza kupata homa, kichwa kuuma au kizunguzungu kwa siku moja au mbili. Asipoambiwa mapema, atadhani ametiliwa sumu, na mwaka wa pili atafunga mlango. Wala asiahidiwe kwamba dawa itaondoa busha alilo nalo, maana haiondoi. Busha dawa yake ni kupasuliwa hospitali, na mwenye matende na aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe vyema hata baina ya vidole, na auinue anapoketi. Ahadi moja ya uwongo hubatilisha maneno mia ya kweli.

Tano, na aanze yeye. Imamu akimeza dawa mbele ya maamuma baada ya sala, shaka nyingi huondoka. Mwenye afya naye na ameze, kwa kuwa aweza kuwa na mnyoo na hajui, na mbu akachukua kwake akapeleka kwa mtoto wa jirani. Wasiopewa ni wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi. Na khabari isiishie barazani kwa wanaume tu. Ifike kwa wanawake majumbani.

Sita, dawa isitenganishwe na usafi. Makunduchi, katika Unguja, mwaka 1988, watu walipewa dawa, na katika makaro ya vyoo zikamwagwa punje nyepesi za plastiki zieleazo juu ya maji, hata viluwiluwi vikakosa pumzi. Mbu wakapungua sana, na maradhi katika damu za watu yakashuka, nayo hapo kwanza yalikuwa katika karibu nusu yao. Asiye na punje na afunike karo, azibe nyufa, na alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Na asikate tamaa mtu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilithibitisha kwamba maradhi haya si balaa tena kwa umma wa Misri mwaka 2018, na kwa Yemen mwaka 2019. Hayo yalipatikana kwa watu kukubali kumeza, mwaka baada ya mwaka, na kukubali hakuji kwa amri. Huja kwa kumwamini msemaji. Basi atakayemrejesha jirani yake safuni siku ya Ijumaa na aanze kwa kuketi naye na kumsikiliza.

Wallahu aalam.