Elimu ya Afya: Kwa Nini Jinsi ya Mtoto Huandikwa Anapochanjwa

Mtoto anapopatiwa chanjo kituoni, rejesta hujazwa umri wake na jinsi yake. Baadhi ya wazazi huuliza taarifa ya jinsi ina kazi gani, ilhali chanjo ni ile ile kwa wote. Historia inatoa jibu.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya surua yenye kipimo kikubwa cha virusi vilivyodhoofishwa itolewe kwa watoto wa miezi 6, katika maeneo yenye vifo vingi vya surua. Chanjo hiyo ilikinga surua. Hata hivyo, ufuatiliaji nchini Guinea-Bissau, Senegal na Haiti ulibaini kwamba watoto wa kike walioipata walifariki kwa wingi zaidi, kwa maradhi mengine, kuliko wa kike waliopewa chanjo ya kawaida. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 1992 matumizi yake yalisitishwa. Lau watoto wote wangehesabiwa kwa pamoja, hatari hiyo ingeweza kufichika.

Tangu hapo swali hilo huulizwa kwa chanjo nyingine pia. Mwaka 2014 wataalamu wa shirika hilo walipitia tafiti za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Matokeo yalipingana, nao hawakuona sababu ya kubadili ratiba. Kwa chanjo ya kawaida ya surua, tafiti zilielekea kuonyesha kuwa vifo hupungua.

Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika pia Bagamoyo na Korogwe, yalionyesha vifo vingi zaidi kwa wasichana waliochanjwa. Kwa hiyo, ilipoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, vifo vilihesabiwa kwa kila jinsi. Dalili hiyo haikujirudia, na Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa.

Funzo kwa mzazi si kuogopa sindano. Surua bado huua, na chanjo ya surua-rubela ya miezi 9 na 18 inayotolewa sasa si ile iliyositishwa. Wazazi wawapeleke watoto wa kike na wa kiume kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, waeleze kituoni mabadiliko yoyote baada ya chanjo, na familia zitoe taarifa za vifo vya watoto kwa mtendaji. Kifo kisichoandikwa hakimfundishi mtu.