Cheti kwa fundi wa gereji

Swali: Nina miaka 34. Ufundi magari nimejifunzia gereji ya mjomba, Tandika. Kila ninakoomba kazi naulizwa cheti. Nirudi shule?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, usianze upya. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu uulizie urasimishaji wa ujuzi. Watakupima kwa vitendo kwa kile unachokijua tayari, watakufundisha palipopungua, kisha utapata cheti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Hilo nalifurahia sana, ila ni la wadogo zako. Mlango wako ni huu wa urasimishaji.

Hapo palipopungua usipadharau. Sikio lako linatambua plagi iliyochoka kabla hujafungua boneti, na hiyo ni elimu. Lakini ukifungua gari la mseto (hybrid) kama Prius utakuta nyaya nene za rangi ya chungwa. Zinabeba umeme wa volti 200 na zaidi, unaoua. Hizo haziguswi kwa kubahatisha. Ulizia kozi fupi ya umeme wa magari, na ujizoeze kutumia kompyuta ya kupimia hitilafu.