Malipo ya Nyuma na Kiinua Mgongo: Je, ni Mshahara?

Mtu aliyefukuzwa kazini bila haki, kisha akarudishwa, hulipwa fedha za miezi ile aliyokaa nyumbani. Mwingine kazi yake hukoma, naye hupewa kiinua mgongo. Je, fedha hizo ni mshahara? Wengi hujibu upesi kwamba mshahara ni wa aliyetoka jasho, na siku ambayo hukufanya kazi huidai. Jibu hilo laonekana la haki, lakini mahakama hazikulikubali.

Kesi mashuhuri ni ya Marekani. Mwaka 1937 kampuni ya magari ya Ford ilimfukuza mtu aitwaye Nierotko kwa sababu ya shughuli za chama cha wafanyakazi. Bodi ya serikali iangaliayo mambo ya kazi iliamuru arudishwe, na alipwe alichokosa tangu Februari 1937 mpaka Septemba 1939. Fedha alizipata mwaka 1941. Kumbe taabu haijaisha! Kule pensheni ya uzeeni hukadiriwa kwa mishahara iliyoandikwa katika daftari za serikali. Alipoomba malipo yale yaandikwe, wenye daftari walikataa, ati siku zile hakufanya kazi yo yote. Angalieni hasara yake: zaidi ya miaka miwili na nusu ingefutwa katika hesabu ya uzee wake, kwa kosa la tajiri wake.

Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilimpa haki. Ilisema kwamba utumishi si kazi ya mikono tu, bali ni uhusiano wote ulio kati ya tajiri na mtumishi, ambao kwa ajili yake malipo hutolewa.

Lakini neno hilo “mshahara” hukata kuwili. Kampuni ya maduka ya Quality Stores ilifilisika mwaka 2001, ikawapa kiinua mgongo maelfu ya watumishi walioachishwa. Baadaye ilidai irudishiwe kodi ya hifadhi ya uzeeni iliyotolewa katika fedha hizo, zaidi ya dola milioni 1, kwa hoja kwamba kiinua mgongo si mshahara. Mwaka 2014 mahakama ile ile ilikataa kwa kauli moja: waliolipwa ni watumishi tu, na kiasi kilifuata cheo na muda wa utumishi. Mimi naona ni sawa, ingawa aliyepoteza kazi hafurahii kukatwa tena.

Na kwetu Tanzania? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ujira ni malipo yote yatokanayo na ajira, ya fedha au ya vitu, yaliyolipwa au yanayodaiwa. Basi mishahara ya nyuma imo. Mshahara wa msingi ni mdogo zaidi: ni malipo ya saa za kawaida tu, bila posho wala saa za ziada. Kiinua mgongo huhesabiwa kwa huo mdogo, si chini ya siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na sheria hailazimishi kupita miaka 10. Tuseme mtu ametumika miaka 14, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 10,000 kwa siku. Haki yake ya chini ni 7 × 10 × 10,000, yaani shilingi 700,000. Aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hapati.

Kwa hiyo mzazi anayepewa posho nyingi juu ya mshahara mdogo wa msingi, na autazame mstari huo katika hati yake ya malipo ya mwezi huu, maana ndio utakaohesabiwa siku ya kuondoka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne