Kazi ya Mikono Yako Ina Bei: Somo la Mauzo ya Sikukuu

Mwaka wangu wa pili hapa Marekani nilipata meza kwenye soko la Desemba katika kanisa la mtaani kwetu. Nililipa dola 40 za meza, nikapanga mifuko 20 ya kitenge niliyoishona usiku baada ya watoto kulala. Bei niliweka dola 10, maana niliona haya kutaja zaidi. Kabla ya saa sita mchana meza ilikuwa tupu. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Usiku ule nikachukua kalamu na karatasi. Kila mfuko ulikuwa umekula kitambaa cha dola 5, bitana ya dola 2, na zipu na uzi wa dola 1. Kwa mifuko 20 ni dola 160. Ongeza meza, dola 200. Na kwenye pochi nilikuwa na dola 200. Nilikuwa nimeshona saa 40, nikawagawia watu nisiowajua zawadi za Krismasi bila wao kufahamu.

Ndiyo maana somo la mwezi huu linaanza na hesabu. Katika familia zetu wako wasusi wa vikapu na mikeka, washonaji, wachongaji, na wanaotengeneza shanga. Kazi wanaijua tangu utotoni. Bei ndiyo inayowaangusha.

Unapopanga bei, jumlisha vitu vitatu: vifaa, saa zako, na gharama ya siku ya soko. Wengi wetu tunakumbuka vifaa tu. Kwa upande wa saa, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na majimbo mengi yana kiwango cha juu zaidi. Usijilipe chini ya hapo. Mfuko wangu ulichukua saa 2, yaani dola 14.50. Vifaa dola 8. Meza ya dola 40 ukiigawanya kwa mifuko 20 ni dola 2. Jumla ni dola 24.50. Mfuko niliouuza kwa dola 10 ulistahili angalau dola 25, na hapo bado sijatenga kitu cha kununulia kitambaa cha mwaka unaofuata.

Utauliza, nani atatoa dola 25 kwa mfuko? Siku ile jirani yangu wa meza alikuwa bibi mmoja Mmarekani aliyeuza kofia za kufuma kwa dola 35. Hakumaliza zote, lakini aliondoka na pesa ambazo mimi sikuwa nazo. Mtu anayekuja kwenye soko la namna hii anajua kwamba kofia za bei rahisi zipo dukani. Anatafuta zawadi ambayo haipatikani huko, na anapenda kumweleza anayempa ni nani aliyeitengeneza. Vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Rwanda viliingia katika maduka ya Macy's mwaka 2005, navyo viliuzwa kwa bei ya duka kubwa.

Kuna jambo lililonichukua muda kulielewa. Sokoni kwetu bei huanza kwa salamu. Unataja ishirini, mteja anacheka, anataja nane, mnaongea habari za watoto, mnakutana katikati. Hapa mteja akikuta kitu hakina bei, mara nyingi huona aibu kuuliza na kupita zake kimya. Kwa hiyo andika bei kwenye kila kitu, kwa tarakimu kubwa. Akiomba umpunguzie, unaweza kukubali au kumjibu kwa upole kwamba bei ndiyo hiyo. Hatakasirika. Wengi pia hawatembei na pesa taslimu, basi uwe na kifaa kidogo cha kupokea kadi kwa simu. Kinakata sehemu ndogo ya kila mauzo, nayo iingize kwenye hesabu.

Funga kadi ndogo kwenye kila kitu: jina lako la kwanza, ulikojifunza kazi hiyo, na namna ya kuosha. Andika neno la Kiingereza "handmade", yaani kilichotengenezwa kwa mkono. Huhitaji kuandika habari za vita au kambi. Wengine watakushauri uziandike ili uuze zaidi. Mimi sikubaliani nao. Kwamba mama yako alikufundisha kusuka ukiwa na miaka minane ni habari ya kutosha.

Chagua vitu visivyo na saizi. Gauni linampasa mtu mmoja, ila mfuko, aproni, kitambaa cha meza au hereni humfaa yeyote. Vipande vya kitenge vinavyobaki vishone mapambo ya mti wa Krismasi. Hununuliwa mara moja, kwa kuwa watu wanatafuta vitu vidogo vya kuwapa walimu na majirani. Vitu vya kuchezea vya watoto wachanga viache kwanza: tangu 2008 sheria ya usalama wa bidhaa za watoto ina masharti mengi. Chakula nacho kina kanuni zake.

Kuhusu sheria, aliyeingia nchini kama mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi tangu anapofika. Anayengoja majibu ya ombi la hifadhi asubiri kibali cha kazi. Faida ya biashara yako ikifika dola 400 kwa mwaka, lazima ujaze fomu za kodi. Majimbo mengi hutoza pia kodi ya mauzo, hivyo muulize mwenye soko mapema. Familia inayopata msaada wa chakula wa SNAP imuulize mhudumu wake namna ya kutoa taarifa ya mapato haya. Weka daftari na risiti zote za vitambaa.

Msimu wenyewe hushika kasi baada ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba. Jumamosi inayofuata, tangu 2010, watu huhimizwa kununua kwa wafanyabiashara wadogo. Lakini meza hujaa miezi kabla. Omba nafasi kiangazi, na shona kiangazi.

Zoezi: Mama mmoja anasuka kikapu kikubwa kwa saa 10, kwa nyuzi za dola 6. Kidogo kinamchukua saa 3, kwa nyuzi za dola 3. Meza ni dola 40, naye ana nafasi ya kupanga vikapu 10 tu. Tafuta bei ya kila kimoja, kisha uamue apeleke vikubwa vingapi na vidogo vingapi. Njoo na jibu lako darasani, pamoja na kitu kimoja ulichotengeneza mwenyewe, tukihesabu pamoja.